Meya Aliyejifanya Maiti

Katika mwaka 1616, yasimulia sinema moja ya zamani, mji mdogo wa Boom katika nchi ya Flanders ulikuwa katika matayarisho ya sikukuu yake. Watu walikuwa mbioni, soko limejaa, na wazee wa baraza la mji walikuwa wamekusanyika wakichorwa picha. Meya alikuwa kati yao, na wenziwe walikuwa watu wa kazi zinazoheshimiwa katika mji wa namna ile: muuza samaki, mwoka mikate, mchinja nyama, mwenye nyumba ya wageni. Kila mmoja aliukaza uso wake upate kufanana na uso wa jemadari. Ndipo wapanda farasi wa Kihispania walipoingia kwa kishindo wakaleta habari kwamba mkuu wao, Olivares, yu njiani na kikosi chake, na kwamba usiku ule atalala Boom. Majemadari wa kwenye picha walitetemeka kama makuti katika upepo. Wakashauriana. Meya akavumbua hila ambayo haijapata kusifiwa katika tenzi za vita: yeye atajifanya amekufa.

Sinema hiyo huitwa La Kermesse héroïque, maana yake Sikukuu ya Kishujaa. Ilitengenezwa Ufaransa katika mwaka 1935 na Jacques Feyder, Mbelgiji aliyezaliwa Ixelles, kando ya Brussels, mwaka 1885. Hadithi yake ilitungwa na Charles Spaak, Mbelgiji mwingine, ndugu wa yule Paul-Henri Spaak aliyekuwa waziri mkuu wa Ubelgiji katika mwaka 1938. Ilipotoka ilipata sifa nyingi: ilipewa tuzo kubwa ya sinema ya Ufaransa, na katika maonyesho ya Venice ya mwaka 1936 Feyder alitunukiwa kuwa mwongozaji bora. Ilipata na matusi pia, na habari za matusi hayo zitafuata. Siku hizi ni kitu cha wale wanaofukua makabati ya historia ya sinema. Mwanafunzi aghalabu hukutana na jina lake katika tanbihi za kitabu kabla ya kukutana na picha yenyewe, na wengi huishia kwenye tanbihi.

Hila ya meya ilikuwa nyepesi. Atalazwa juu ya kitanda, mishumaa itawashwa, madiwani watakesha kando yake kwa majonzi. Na Wahispania, ambao ni watu wa dini, wataona haya kufanya ghasia katika mji wenye msiba, watapita waende zao. Mkewe, Cornelia, hakuificha dharau yake. Alipokuwa akiishi na mwanamume huyu alimjua kuwa mpenda makuu, lakini maiti ya hiari ilikuwa jambo jipya. Akawaita wanawake wa mji, akawaambia kwamba waume wao wamejificha, basi kazi ya kuwapokea wageni imewaangukia wao. Wakavaa nguo zao nzuri wakaenda langoni. Olivares, ambaye ni mtu wa adabu na macho mepesi, alipoiona mitandio ile na nyuso zile hakuona sababu ya kuupita mji. Akaingia. Usiku ule sikukuu iliyokuwa imevunjwa ikafanyika, tena kwa uchangamfu ambao Boom haijapata kuuona: divai, ngoma, nyama, na milango inayofungwa taratibu. Maiti ya meya ililala chumbani mwake ikisikiliza vicheko.

Ni sinema ya ashiki, na si haki kuificha sifa hiyo kwa jina la heshima. Walakini ashiki yake ni ya fumbo. Kamera husimama kwenye kizingiti. Mke wa huyu hutoweka na afisa fulani, mke wa yule hucheka katika giza, na kukicha nyuso za wanawake husema yale ambayo midomo haitamki. Kuhusu Cornelia mwenyewe na Olivares, mtazamaji huonyeshwa mazungumzo, macho, na utani wa watu wawili waliokomaa. Lililobaki ameachiwa alikisie. Mtu aliyelelewa mahali ambapo kanga ina ruhusa ya kusema lile ambalo mvaaji wake hathubutu kulisema hatapata taabu kuusoma ufundi huu. Kati ya wote waliomo, anayechekesha kuliko wengine ni kasisi wa jeshi, aliyeigizwa na Louis Jouvet kwa uso mkavu kama ngozi ya ngoma. Kasisi anagundua kwamba maiti inapumua. Hamshtaki mtu. Ananyosha mkono, anapokea fedha, na siri inabaki siri.

Ndani ya hadithi kubwa imo hadithi ndogo ya arusi. Meya alikuwa amekwisha kumwahidi binti yake, Siska, kwa mchinja nyama, kwa kuwa mchinja nyama ni mnunuzi mwema wa ng'ombe wake. Binti alimtaka kijana mchoraji, Jan Brueghel, ambaye hana ng'ombe wala mnunuzi. Cornelia aliutumia usiku wa wageni kuwaoza vijana hao, kasisi wa adui akifungisha ndoa na baba wa bibi arusi akiwa hawezi kupinga, kwa sababu mfu hana kauli katika posa. Mtungaji angeweza kuuacha mchezo na jambo hili peke yake ukatosha kuchekesha.

Kwa macho, sinema hii ni karamu. Feyder alisema kwamba alitaka kuonyesha uzuri wa wachoraji wa kale wa nchi yake, na mjenzi wake wa mandhari, Lazare Meerson, mtu wa asili ya Urusi, aliujenga mji mzima huko Épinay, karibu na Paris: mifereji, madaraja, vipembe vya mapaa, vyumba vyenye mwanga unaoingia ubavuni kama katika picha za rangi za karne ile. Picha ya wazee wa mji inayochorwa mwanzoni si pambo tu. Katika mwaka huo huo wa 1616, huko Haarlem, Frans Hals, mzaliwa wa Antwerp, alikuwa anawachora maafisa wa kikosi cha ulinzi cha Mtakatifu George wakiwa mezani katika karamu. Picha hiyo ipo hata leo, na walinzi wake wana mishipi ya rangi, shavu nene, na vyakula vingi kuliko silaha. Feyder anaitazama picha ya namna hiyo kwa mapenzi, kisha anauliza swali la adabu mbaya: je, mabwana hawa wangefanya nini kama adui angefika kabla ya kitindamlo?

Kwa historia, mchezo huu ni mwongo, tena hauoni haya. Jan Brueghel mkubwa alikuwa na miaka karibu hamsini katika mwaka 1616, na mwanawe mwenye jina hilo alizaliwa mwaka 1601. Hapana kati yao anayefaa kuwa yule kijana wa posa. Olivares wa historia alipata nguvu katika dola ya Hispania baada ya mwaka 1621. La zaidi ya yote, mwaka 1616 ulikuwa katikati ya mapatano ya miaka 12, kutoka 1609 hadi 1621, na Flanders ilikuwa chini ya Albert na Isabella, watawala wa ukoo wa mfalme wa Hispania. Askari wa Kihispania aliyepita Boom alikuwa askari wa mtawala wa nchi. Hofu ya madiwani haikutoka hewani, hata hivyo. Katika Novemba 1576 askari wa Hispania waliokosa mishahara waliingia Antwerp, mji ulio mwendo mfupi toka Boom, wakaua maelfu ya watu na kuteketeza majumba. Feyder analijua jambo hili. Wazee wanapoisikia habari ya Olivares, sinema inawaonyesha watazamaji kile kilichomo vichwani mwao: moto, uporaji, mateso. Kisha Olivares anafika, na anavua kofia.

Hapo ndipo penye mzizi wa ugomvi wote. Kichekesho kinasimama juu ya nguzo moja, nayo ni kwamba adui amekuja akiwa muungwana. Iondoe nguzo hiyo, na hila ya Cornelia haina kicheko ndani yake.

Watu walioiona mara ya kwanza walikuwa na sababu ya kuitikisa nguzo hiyo. Tarehe 2 Agosti 1914 serikali ya Ujerumani ilidai njia ya kupitisha majeshi yake ndani ya Ubelgiji, na Ubelgiji ikakataa. Haikujifanya maiti, wala haikwenda langoni na mitandio. Malipo yake yalikuwa maktaba ya Leuven iliyochomwa moto, na raia 674 waliouawa Dinant katika mwezi huo huo, wazee, wanawake na watoto wakiwamo. Kisha nchi karibu yote ilitawaliwa na jeshi la kigeni kwa miaka minne. Sinema hii ilitoka miaka 17 tu baada ya vita hivyo kwisha. Katika ukumbi wa Antwerp au Ghent waliketi watu ambao baba zao walizikwa kwa sababu mji wao haukupokea wageni. Leo wanaambiwa na Wabelgiji wenzao wakaao Paris kwamba kumbe palikuwa na njia nyingine, tena yenye divai.

Nyama ya maudhi haya ilikuwa na mfupa wa lugha. Feyder na Spaak walikuwa watu wa Brussels wenye kusema Kifaransa. Mji wa Boom ni wa Waflemi, wasemao Kidachi cha kwao, lakini katika sinema meya De Witte na madiwani wake wanasema Kifaransa. Sinema ilitengenezwa pia kwa Kijerumani, mandhari yale yale na Françoise Rosay yule yule katika nafasi ya Cornelia, na wenziwe wakiwa waigizaji wa Kijerumani. Toleo hilo lilipewa jina lenye maana ya Wanawake Wenye Busara, likaonyeshwa Berlin katika Januari 1936. Basi Waflemi walichekwa katika lugha mbili, na ya tatu, iliyo yao, haikualikwa karamuni. Kampuni iliyotoa gharama ilikuwa Tobis, yenye asili ya Ujerumani.

Mtu asiyeijua habari ya lugha katika Ubelgiji ataona hayo kuwa manung'uniko ya wivu. Lakini Waflemi, ambao ni wengi wa nchi, walikuwa wamesomeshwa, wamehukumiwa na kuamrishwa vitani kwa Kifaransa kwa muda mrefu. Chuo Kikuu cha Ghent, kilicho katikati ya nchi yao, kilifundisha kwa Kifaransa. Katika mwaka 1916 Wajerumani waliokuwa wakiitawala nchi walikigeuza kiwe cha Kiflemi, kwa shabaha ya kuwagawanya raia. Na walimu waliokubali kazi katika chuo hicho walitiwa hatiani baada ya vita kuwa wamemtumikia adui. Mwaka 1930 serikali ya Ubelgiji yenyewe ilifanya jambo lile lile ambalo mkono wa adui ulilifanya, na chuo kikawa cha Kidachi. Kwa hiyo katika nyumba nyingi za Flanders kuipenda lugha ya mama na kuisaliti nchi vilikuwa vimewekwa katika kapu moja, na watu walikuwa bado wanajitahidi kuvitenganisha. Katika hali hiyo ikaja picha ya kuchekesha yenye Waflemi wanaompokea mtawala wa kigeni kwa mikono miwili. Ngumi zilirushwa katika majumba ya sinema ya Antwerp. Bruges iliipiga marufuku.

Mwanachuo wa Kiswahili hana haja ya kuambiwa kwa kirefu maana ya kuchekwa kwa lugha isiyo yako. Anajua pia kwamba mtu anayecheka si lazima awe na nia mbaya. Inatosha awe mbali. Feyder aliwapenda Waflemi wa kwenye picha za rangi, waliokwisha kufa miaka mia tatu. Wale wa mitaani, wenye magazeti na vyama na kaburi la baba, hawakuingia katika fremu yake.

Mwaka huo huo wa 1916 unaunganisha habari hii na Unyamwezi. Tarehe 19 Septemba 1916, wakati Ubelgiji yenyewe imekaliwa na Wajerumani, jeshi la Kongo chini ya maafisa wa Kibelgiji liliingia Tabora likiwafukuza Wajerumani wale wale. Walionyang'anywa mji huku walikuwa wakiuteka mji kule. Katika njia za vita hivyo vya Afrika ya Mashariki majeshi ya pande zote yalitwaa chakula na kuwachukua wanaume kwa upagazi, na hapana meya aliyeweza kuyapisha kwa mishumaa minne. Swali la Cornelia, yaani mji ufanye nini jeshi lisiloalikwa linapofika na lina njaa, liliulizwa huko kwa sauti ambayo sinema ya Épinay haikuiwazia.

Miaka mitano haikutimia tangu sinema kuonyeshwa, na Ulaya ikaulizwa swali hilo tena. Mwaka 1940 majeshi ya Ujerumani yaliingia Ubelgiji na Ufaransa. Ikawa rahisi tangu hapo kuitazama Sikukuu ya Kishujaa na kuona ndani yake somo la kumpokea mshindi kwa tabasamu, na wakosoaji kadhaa waliihukumu hivyo. Hukumu hiyo inasahau mambo mawili. La kwanza, Wajerumani wenyewe hawakuiona kuwa rafiki: vita vilipozuka mwaka 1939 waliipiga marufuku, na Feyder na Rosay, ambao walikuwa mume na mke, wakaikimbilia Uswisi baada ya Ufaransa kushindwa. Spaak alibaki akatiwa gerezani na Wajerumani. La pili, Spaak ndiye aliyeandika pamoja na Jean Renoir La Grande Illusion ya mwaka 1937, ambamo mjane wa Kijerumani anamficha mfungwa wa Kifaransa nyumbani kwake na kumpenda. Mtu huyu alikuwa na ugonjwa mmoja wa moyo uliojitokeza katika kazi zake: hakuweza kuamini kwamba adui ni adui hata anapokula supu. Pengine ni udhaifu. Usaliti ni neno jingine.

Hata hivyo kuiondolea sinema mashtaka ya usaliti hakuipi cheti cha usafi. Lipo deni ambalo wakosoaji wa siku zile, waliokuwa wanaume karibu wote, hawakulitaja sana kwa kuwa walikuwa wanahesabu heshima ya taifa. Wanawake wa Boom wanaonyeshwa wakifurahi. Mke wa muuza samaki anafurahi, mke wa mwenye nyumba ya wageni anafurahi, na furaha yao ndiyo adhabu ya waume wao waoga. Lakini nje ya lango wamesimama watu wenye panga na mikuki, na hapana mwanamke katika mji anayeulizwa kama anaweza kukataa. Wakarimu husema karibu. Aliyezungukwa husema karibu pia, na neno halibadiliki herufi hata moja. Feyder hakuitofautisha karibu hii na ile. Aliitia furaha usoni mwa wanawake ili mtazamaji acheke bila kuumwa na tumbo, na ufundi wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mtazamaji hucheka kweli. Ubovu wa sinema umo humu, na haukufutwa na tuzo za Venice.

Wema wake umo katika mwisho, nao ni wema mkali. Asubuhi Wahispania wanaondoka. Hawakuchoma nyumba wala hawakuua. Olivares ameacha hati inayousamehe mji kodi ya mwaka mmoja. Watu wanakusanyika chini ya roshani. Meya amefufuka, na hapana anayeuliza ni kwa muujiza gani. Cornelia anasimama mbele ya mji, mwenye hati na mwenye siri zote za usiku, na angeweza kumwangamiza mumewe kwa sentensi moja. Badala yake anautangaza msamaha wa kodi na kumpa mumewe sifa yote: ni yeye, kwa hekima yake, aliyeuokoa mji. Watu wanashangilia. Meya anapokea shangwe kama mtu anayepokea mshahara wake.

Rosay anaigiza sehemu hii kwa utulivu unaotisha. Anayesifu anajua, anayesifiwa anajua, nusu ya wanaoshangilia wanajua, na jambo linaandikwa katika daftari la mji kama lilivyosemwa. Wanafunzi wa historia huambiwa kwamba hati ni ushahidi. Hati ya Boom ni ya kweli: ina muhuri, na kodi imesamehewa kwelikweli. Jina lililoandikwa chini yake ndilo lisilo la kweli, na aliyelitia ni yule aliyestahili kuandikwa. Kwa nini alifanya hivyo? Sinema haimpi hotuba ya kujieleza. Huenda ni kwa sababu atabaki Boom, na Olivares hatabaki. Mwanamke atakayeishi katika mji huo miaka thelathini mingine hawezi kumiliki ushindi wa usiku ule bila kuulizwa aliupata kwa njia gani. Mwanamume anaweza, hata kama aliupata akiwa amelala chali na mshumaa kichwani. Cornelia anampa mumewe sifa kwa sababu kwa mumewe sifa hiyo haina gharama. Katika dakika chache hizo Feyder anasema juu ya ushujaa, na juu ya sanamu zinazosimamishwa viwanjani, jambo ambalo Antwerp iliyokuwa ikirusha ngumi haikupata nafasi ya kulisikia. Na ukweli ni kwamba picha ya wazee wa baraza waliojikaza nyuso zao haikuhitaji kubadilishwa hata mstari mmoja. Ingeweza kutundikwa ukutani kama ilivyo.

Boom wa kweli hauna mifereji ile ya Meerson. Ni mji wa matofali, juu ya udongo mzito wa mfinyanzi kando ya mto Rupel, na kwa vizazi vingi wanaume, wanawake na watoto wa huko walifanya kazi katika tanuri zake. Feyder alifariki Uswisi mwaka 1948. Miaka minne kabla yake, tarehe 4 Septemba 1944, jeshi lilifika tena kwenye malango ya Boom, safari hii vifaru vya Waingereza vikiwakimbiza Wajerumani, na madaraja makubwa ya njia kuu yalikuwa yamewekwa baruti. Mhandisi mmoja Mbelgiji, Robert Vekemans, alisimama barabarani akavisimamisha vifaru hivyo, akawaeleza maafisa wao hatari iliyokuwa mbele, kisha akawaongoza kwa njia ya daraja la zamani la pembeni, hata wakavuka mto na kuingia Boom, na siku ile ile wakafika Antwerp. Alikwenda mwenyewe, mchana, kwa miguu yake.